Twiga na Bunduki ya Sajini

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani na wanaklabu, familia imenituma mimi, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya kaka yangu, na kwa kuwa wengi wenu mkisikia jina lake la kwenye cheti mtadhani mmekosea msiba, tutamwita kama mlivyomwita, Twiga, jina alilobandikwa shuleni kwa sababu ya shingo yake ndefu, akalinunia mwaka mzima, kisha akalizoea.

Marehemu Twiga alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya karakana, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa mabehewa, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, na sekondari hadi 1975, ambako alisifika kwa mkono usiotetemeka, kiasi kwamba mwalimu wa jiografia alimwachia yeye kazi ya kuchora ramani zote za ukutani.

Mkono huo ndio uliompa kazi, kwani tarehe 3 Mei 1978 aliajiriwa kuwa mchoraji katika ofisi ya upimaji ardhi, ghorofa ya pili, meza ya dirishani, akawa anashinda ameinamia karatasi tangu asubuhi hadi jioni, na akitoka hapo badala ya kwenda kuinyoosha shingo yake kama watu wenye huruma na miili yao, alikwenda kiwanja cha kulenga shabaha akainama tena.

Huko alimkuta mwalimu wake, Sajini mstaafu, mtu mfupi mnene ambaye kichwa chake kilikaa moja kwa moja juu ya mabega, kana kwamba shingo ilisahaulika, na mzee huyo alimpenda Twiga kama mwanawe, hata alipofariki mwaka 1983 akamwachia bunduki yake ya mashindano, ambayo kitako chake alikichonga mwenyewe kwa kipimo cha mwili wake. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwa sababu mahali pa kuegemeza shavu palikuwa chini mno kwa mtu wa shingo ndefu, na ili jicho lifike kwenye kilengeo Twiga alilazimika kukunja shingo na kusukuma kichwa mbele, raundi baada ya raundi, na kila aliyemshauri abadilishe kile kitako alijibiwa kwamba kazi ya mkono wa Sajini haiguswi.

Tarehe 8 Desemba 1984, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na fundi cherehani aliyemshonea koti lake la shabaha, ambaye leo ni mjane wake, na ambaye anasema alipoipima tu ile shingo kwa utepe alijua kwamba ameingia kazini, na katika mwezi wao wa kwanza wa ndoa, akimkanda kwa kitambaa cha moto, alimwambia, mwenzangu, nguo ndiyo hufuata mwili, mwili haufuati nguo, sasa wewe umeshonewa bunduki ya mtu mwingine. Hakuishia kwenye maneno, alimwendea seremala wa jirani akachongewa kipande cha mbao laini, unene wa vidole viwili, cha kufungwa juu ya kitako ili shavu lipate pa kukaa, na marehemu akakipokea shingo upande, akashukuru, akakitia kwenye droo ya soksi.

Walijaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa mwaka 1986 na sasa ni dereva wa malori, na wa kike, kitinda mimba, aliyezaliwa tarehe 20 Agosti 1991, akarithi mkono wa baba yake na, kwa bahati isiyo nzuri, shingo yake pia.

Wanaklabu mtakubali kwamba hakuna aliyefundisha vizuri kuliko Twiga, ambaye aliwaambia wanafunzi wake bunduki ndiyo ije shavuni, shavu lisiifuate bunduki, aliwakataza kuendelea kulenga wakati shingo imeshaanza kulalamika, aliwalazimisha kuweka silaha chini kati ya raundi, washushe mabega, wageuze kichwa taratibu kulia na kushoto, na mtu aliyejifanya shujaa wa maumivu alirudishwa nyumbani bila mjadala. Lakini kinyozi hajinyoi, kwani yeye mwenyewe alikuwa hawezi kugeuka kukuitikia salamu bila kugeuza mwili mzima kama kabati linalohamishwa, na wapo mtaani waliomwita mwenye maringo, kumbe ni maumivu.

Mwaka 2008 alimkabidhi binti yake bunduki ile ile, na kitako kile kile, kwa fahari ya kuona urithi unaendelea, na siku zote za mazoezi alisimama nyuma yake akirekebisha miguu, kiwiko na pumzi, ila shingo hakuiona, maana yeye alikwishasahau kwamba inaweza kukaa vingine. Asubuhi ya tarehe 11 Juni 2010, siku ya mashindano ya kuchagua timu, binti aliamka hawezi kugeuza kichwa, na nafasi ile aliyoisubiri miaka miwili ikachukuliwa na mwingine, naye hakumlaumu mtu, alisema tu, Baba, labda mimi ni mvivu, sifanyi mazoezi ya kutosha. Neno hilo lilimchoma marehemu kuliko maumivu yake yote, akaenda chumbani, akamwaga droo ya soksi kitandani, akakifunga kile kipande cha mbao kwa skrubu mwenyewe.

Kabla ya kumrudishia binti, alijaribu, akailaza bunduki begani, akashusha shavu, kichwa kikakaa wima, na mkewe aliyekuwa mlangoni anasema alimsikia akisema, kumbe ilikuwa hivi, kisha akamwona akilia.

Majuto ni mjukuu, kwani mwaka 2016 vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kufa ganzi, madaktari wakasema mishipa ya fahamu imebanwa shingoni, na tangu hapo hakufyatua tena wala hakushika kalamu ya kuchorea, ingawa alikuwa ameshamshuhudia binti yake akiingia timuni mwaka 2012 na kudumu humo bila kuumwa. Mwezi Januari mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa tarehe 29, na Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 67.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyemvumilia alipokuwa mbishi, wafanyakazi wenzake wa upimaji, wanaklabu, seremala, na majirani mliolala nasi.

Mto ulio chini ya kichwa chake leo ameushona mkewe, kwa kipimo alichokichukua miaka arobaini iliyopita, na safari hii hakubishiwa. Twiga wetu, shingo imepata pa kulala, pumzika kwa amani.