Ndugu Zahoro na Ziwa Lililosikika Wodini

Ijumaa, tarehe 29 Juni 1979, Ndugu Zahoro Shomari atavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara ya hospitali yetu hapa mjini. Tumeambiwa tuandike kwa furaha. Haya, tunajaribu.

Alianza kwa kuosha vioo, akasoma jioni, hatimaye akawa mkuu wa maabara. Ni mtoto wa Magomeni, mpole, na jamani, bingwa wa kuzubaa! Alasiri, kelele za Kariakoo zikifika kwa mbali, ungemkuta ameinamia darubini, chai imepoa, kofia imekaa upande. Tulimtania kwamba amehamia huko ndani ya kioo. Alicheka tu, akasema huko kuna utulivu.

Mwaka 1976 alikuja Ignasi, hamali wa sokoni mwenye saratani ya tezi shingoni. Zilikuwa siku za kuwarudisha vijijini watu wasio na kazi rasmi. Mimi, karani wa mapokezi, nilimuuliza kwao wapi, tena kwa sauti ya kiaskari. Maskini, akaogopa, akajibu kwamba amezaliwa papa hapa Kariakoo. Nikaandika hivyo hivyo. Basi hakupimwa kichocho, kipimo tulichowawekea watu wa kanda ya ziwa.

Sindano ya kwanza ya saratani nusura immalize. Mdomo ukajaa vidonda, macho yakawa ya manjano, damu ikashuka. Tukadhani ugonjwa umemzidi nguvu, na sindano ya pili ilipangwa Jumatatu.

Ndugu Zahoro alikwenda kumtoa damu, akamkuta anaweweseka kwa homa. Alikuwa anaogelea ziwani Ukerewe, anawaita wenzake majini, anacheka. Sote tulipita. Yeye aliketi, akasikiliza kwa muda mrefu, macho yameenda mbali kana kwamba anaota naye. Kisha akainuka kwenda kuchukua kikopo cha choo.

Darubini ilimwonyesha mayai ya kichocho, yale yenye mwiba ubavuni. Daktari Josepha, aliyekuwa akimtibu Ignasi, hakukubali upesi, maana kuchelewesha sindano ni kuipa saratani nafasi. Ndugu Zahoro, ambaye hajawahi kubishana hata na paka wa jikoni, siku hiyo hakuondoka mlangoni. Alieleza kwamba ini ndilo linalovunja dawa hizi na kuzitoa. Likishajaa makovu ya kichocho, dawa hukawia mwilini kama mgeni asiyeaga, na kipimo cha kumponya mwingine humuua huyu.

Sindano ikaahirishwa, kisha ikapunguzwa nusu, damu ikipimwa kila mara. Tezi zikanywea. Mwaka jana Ignasi alioa.

Tangu hapo Ndugu Zahoro hufunga mlango, huweka kalamu chini, ndipo humuuliza mgonjwa alioga maji gani utotoni.

Asante, kaka yetu. Mungu akupe uzee wa raha, afya na usingizi mtamu.

Ila lipo neno moja. Ripoti ya kisa kile ilitaka jina la mkosaji, nawe uliandika kwamba maabara haikuuliza. Hukunitaja, wala hukuniambia kitu. Mimi Evarista nimenyamaza miaka mitatu, nikila mshahara na aibu yangu. Ignasi ameahidi kuja Ijumaa. Nitampokea mwenyewe mlangoni, nimwambie ni nani aliyemtisha, kisha nimwombe radhi.