Mama Funga na Taa za Nahodha

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya uvuvi, Mama Funga anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Jina lake rasmi lipo, lakini hata mhasibu amelisahau. Bandari nzima inamjua kama yule mama anayefunga msimu wa ngisi watu wakiwa ndio kwanza wamenogewa.

Alianza kama mpima sampuli. Kila asubuhi alisimama na rula yake kwenye meza ya zege, akipima ngisi walioshushwa na kuwapasua kuona kama wamekaribia kutaga. Vifuko vya wino vilimpasukia kifuani, basi dobi wake alijua hali ya uvuvi kabla ya mkurugenzi, kwa kutazama blauzi tu.

Somo lake lilikuwa moja: ngisi huishi kama mwaka mmoja, hutaga, hufa. Ukiwavua wote leo, mwakani hakuna babu wala shangazi aliyebaki kuanzisha ukoo upya. Hata biskuti za chai ya saa nne alizisimamia vivyo hivyo. Sahani ikifika nusu, anaifunika ili waliochelewa nao wapate. Sisi walafi tulinung'unika, kisha tukazoea.

Mtihani ulikuja mwaka aliopandishwa kuwa msimamizi wa msimu. Sampuli zilionyesha wazazi wamebaki wachache, akafunga mapema. Kati ya boti zilizosimamishwa, mojawapo ilikuwa ya mumewe, shemeji yetu Nahodha. Mama Funga hakumwamini hata yeye: alizing'oa botini zile taa kubwa za kuvutia ngisi, akazifungia kwenye kabati la jikoni na kuondoka na ufunguo. Shemeji alinuna, akanuna tena. Alihamia kwenye kochi la sebuleni, na mezani akawa anamtuma binti yao amwambie mama yake asogeze chumvi, na mama mwenyewe amekaa ubavuni pake. Kama ngisi wasingerudi, bandari ingekuwa imeshinda njaa bure, na ndoa sijui ingeponea wapi. Mama Funga alituambia wazi kwamba anaogopa.

Msimu uliofuata walirudi kwa wingi mpaka kreti zikatuishia, tukaazima ndoo za wafagizi. Shemeji naye akarudi chumbani. Kweli akiba haiozi, hata ikiwa ngisi, mradi uiache baharini.

Tangu hapo amefunga misimu mingi, na kila mara shemeji amelalamika wee, kisha akatii. Wiki iliyopita, kabla tangazo la mwaka huu halijaandikwa, Mama Funga alifika nyumbani akakuta taa zote zimepangwa kabatini, zimefutwa vumbi, na ufunguo uko kwenye sahani yake. Nahodha alikuwa amewapima ngisi wake mwenyewe, kwa ile rula ya zamani, akaona wakati wa kufunga umefika. Kesho yake Mama Funga alitusimulia akilia na kucheka kwa pamoja.

Asante, Mama Funga. Nenda kapumzike na huyo mzee wako, afya na vicheko visiwapungukie. Leo sahani haifunikwi: biskuti ya mwisho ni yako.