Mteja Aliyesema Atarudi: Kumuaga Mwalimu Abner Angwenyi

Ijumaa tarehe 30 Novemba 1979, Mwalimu Abner Angwenyi anastaafu baada ya kukitumikia Chuo cha Biashara cha Riamosioma, hapa Kisii mjini, kwa takriban miaka kumi na minane. Somo lake la uuzaji nalirithi mimi, Persis Mogire, niliyekuwa nikifundisha taipu na utunzaji wa kumbukumbu chumba cha pili. Pamoja na somo nimerithi kabati lake la vitabu, ambalo halifunguki mpaka lipigwe goti. Waliosoma kwake watakubali kwamba goti hilo ndilo jambo pekee la ukali walilomwona akifanya.

Alijiunga nasi Januari 1962. Kabla ya hapo alikuwa akiuza sabuni kwa baiskeli kutoka Kisii mpaka kwao Manga, akipanda vilima ambavyo hata mbuzi akivipanda hupumzika njiani. Alipoomba kazi, bodi ya chuo ilimuuliza ana cheti gani cha ualimu. Yeye akawauzia sabuni. Naambiwa mjumbe mmoja alirudi nyumbani na vipande vitatu na mpaka leo haelewi ilikuwaje.

Siku hizo tulifundisha ukarani na uwekaji wa hesabu tu. Mwalimu Abner ndiye aliyeng'ang'ana mpaka mwaka 1965 tukaanzisha kozi ya diploma ya uuzaji na kumbukumbu za biashara. Mkuu wetu, Bwana Nyamweya, alishikilia kwamba kuuza hakufundishwi: mwenye ndizi nzuri atauza, mwenye ndizi mbovu atarudi nazo. Leo wahitimu wa kozi hiyo wana maduka, wengine wanasimamia maghala ya chai, na wachache wameendelea na shahada ya biashara Nairobi. Siku hizi Bwana Nyamweya husema wazo lilikuwa lake, nasi tumemwachia.

Mtindo wake wa kufundisha ulikuwa huu. Kila darasa jipya lilibuni mteja mmoja, kila mwanafunzi akimwongezea jambo: anatoka wapi, anavaa nini, nini kinamkasirisha. Kisha darasa lilipanga bidhaa kwa ajili ya mtu huyo mmoja, na Alhamisi moja kila muhula wanafunzi walikwenda kuuza soko la Daraja Mbili, kwenye kibanda cha chuo. Anayetaka kumuuzia kila mtu, alituambia, hamjui hata mmoja.

Mwaka 1966 darasa lilitaka mteja mgumu. Wakamchagua yule ambaye kila muuzaji anamfahamu: anauliza bei, anakigeuza kitu, anakirudisha, anasema "Nitarudi," na huyoo, kaenda zake. Mmoja akampa kitambaa cheupe cha kichwa. Mwingine akampa mwanya. Mwingine akampa kikapu ambacho mkono wake umekatika na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Likabaki jina. Mwalimu Abner akachukua chaki mwenyewe, akaandika ubaoni: Bosibori.

Hilo lilikuwa jina la mama yake. Mama huyo alifariki Abner akiwa bado anatambaa. Hakuacha picha, na mtoto hakubaki na kumbukumbu yoyote ya uso wake. Kwetu Gusii jina la marehemu hupewa mtoto anayezaliwa, na wazee husema hapo ndipo mwenyewe hutulia. Lakini Abner alikuwa mtoto wa pekee, na mke wake alimzalia wavulana watupu, kwa hiyo jina lile lilikaa miaka yote bila wa kulibeba. Mwanafunzi mmoja, Orpah Nyangate, aliinua mkono akauliza kama ni vizuri jina la marehemu kupewa mtu ambaye hayupo. Darasa lilicheka. Mwalimu naye alicheka, akasema ni zoezi tu.

Alhamisi ya soko Orpah alikuwa zamu kibandani, na Mwalimu alikuwa ametoka kidogo kuazima mizani. Mwanamke mwenye kitambaa cheupe akasimama mbele ya Orpah, akauliza bei ya sufuria, akaigeuza, akairudisha. Alikuwa na mwanya. Mkono wa kikapu chake ulifungwa kwa kamba ya mgomba. Akasema atarudi, akaingia katikati ya watu. Orpah, ambaye kwa kawaida hata usingizini angeongea, alitusimulia jioni kwa maneno machache.

Sote tulidhani ni utani wa wanafunzi. Mwalimu alipanda Manga kumsimulia shangazi aliyemlea ili wacheke pamoja. Shangazi hakucheka. Alimuuliza ni nani aliyemwambia habari za kikapu.

Tangu hapo mwanamke yule alikuja karibu kila muhula. Mimi nilimwona mwaka 1968. Hakuwa na lolote la kutisha, na hilo ndilo lililonitisha: mama wa makamo, mpole, anayenusa sabuni kabla ya kuirudisha. Mvua ilikuwa ikinyesha na kitambaa chake kilikuwa kikavu. Mwalimu Abner alikuwa kando yangu. Nilimgusa kiwiko nikamwonyesha, naye akaniuliza wapi. Alikuwa anamtazama moja kwa moja, na kwa macho yake hapakuwa na mtu pale.

Mimi ni Msabato, na kanisani nimefundishwa kwamba wafu wamelala na hawajui neno. Nayaamini hayo mpaka leo. Naandika niliyoyaona tu.

Mwaka 1973 Mwalimu Abner alituletea mfumo wa kadi zenye matundu pembeni, wa kutunzia habari za wateja. Unapitisha sindano ndefu kwenye tundu, unatikisa, na kadi unazozitafuta zinaanguka mezani. Kwa mfumo huo chuo chetu kilisifiwa mpaka Kisumu. Sifa hizo ni zake, ingawa vidole vilivyochubuka vilikuwa vyangu. Kadi moja tuliyomwandikia Bosibori kwa mazoezi iliendelea kuanguka hata tulipotafuta wauzaji wa ng'ombe. Tuliikagua, tukaiandika upya, mwishowe tukaizoea, kama mtu anavyozoea mlango unaojifungua.

Wanafunzi walilifanya jambo hili kichekesho cha chuo. Kwake halikuwa kichekesho. Mtu aliyetufundisha sote kumtazama mteja alikuwa na mteja mmoja tu aliyetamani kumtazama, na kila Alhamisi ya Daraja Mbili aliketi kibandani tangu asubuhi, amevaa koti lake jema, akimngoja. Wanafunzi walimwona yule mama. Muuza vitunguu wa jirani alimwona, akamlalamikia kwa kutonunua kamwe. Mwana hakumwona.

Ikaja habari ya wajukuu. Wa kwanza wa kike alizaliwa mwaka 1971, na watu wa nyumbani wakajua jina limepata mwenyewe. Mwalimu akapendekeza jina la upande wa mkewe. Wa pili alipozaliwa, akapata jina jingine tena. Nyumbani walinung'unika. Nilimkabili nikamuuliza anafanya nini, akanijibu kwa upole kwamba jina likishapata mtoto, yule mama hatakuja tena sokoni, naye hajamwona bado hata mara moja. Mimi mama yangu namjua mpaka alama za mikono yake, ningemwambia nini?

Mwezi wa tisa mwaka huu Abigael, mke wa mwanawe wa mwisho, alijifungua msichana. Wakati huohuo shangazi, mzee sana sasa, akatuma neno kwamba wifi yake Bosibori amechoka kutembea. Mwalimu Abner alikaa na neno hilo siku kadhaa, hata chai yake ya saa nne aliiacha ikipoa. Kisha akaniomba nimshikie kibanda Alhamisi ya Oktoba, ya mwisho katika utumishi wake. Akapanda Manga kumpa mtoto jina lile. Nilimwona akiondoka na lile koti jema, na sikuwahi kumwona mtu akiliacha jambo kwa shida namna ile.

Siku hiyo yule mama alikuja kibandani. Hakuuliza bei. Alichagua shali ndogo ya manjano ya mtoto mchanga, iliyofumwa na wanafunzi wetu, akailipia, akaiweka kikapuni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kununua kitu kwetu tangu mwaka 1966. Nilingoja aseme atarudi. Hakusema.

Wiki iliyofuata nilikwenda Manga kumwona mtoto. Alikuwa amelala mapajani mwa Abigael, amefunikwa shali ya manjano. Niliijua mishono yake, hasa ule uliopotoka. Nikauliza imetoka wapi. Abigael akasema ililetwa siku ileile ya kutoa jina. Baada ya wageni kuondoka, baba mkwe wake alikuwa amesinzia kwenye kiti barazani, akiwa na koti lake. Mama mmoja mwenye kitambaa cheupe akapanda njia ya shambani, akampa shali, kisha akasimama mbele ya kile kiti kwa muda mrefu. Abigael akadhani ni mtu wa chuoni, akataka kumwamsha mwenyeji. Yule mama akamzuia kwa mkono.

"Usimwamshe," akasema. "Mimi nimeshamwona."

Mwalimu alikuwa pale tukisimuliwa. Aliuliza swali moja tu, kama alisema atarudi. Abigael akatikisa kichwa. Mwalimu Abner akalia waziwazi mbele yetu, kisha akanyoosha mikono akapewa mtoto.

Tunakushukuru, Mwalimu, kwa vijana uliowatoa hapa wakijua kutazama watu. Nitaendelea na zoezi lako la mteja wa kubuni. Kitambaa watamvika, kikapu watampa, lakini jina nitaliacha wazi. Nenda nyumbani upumzike, na maisha yenu huko Manga yawe mema, wewe na Bosibori.