Simu Iliyojifunza Kusema Saa Mbili

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu na nyinyi vijana, nakusalimuni nyote. Nimetakiwa nisimame nieleze yaliyonifika mpaka nkaingia jumuiya hii yetu ya wasioona, na nimeonywa nisirefushe, maana harufu ya pilau mnaisikia kama nnavyoisikia mie. Nitajitahidi. Jina la mtu sitalitaja, kwa sababu baadhi yao wamo humu ndani na hawapendi kutajwa.

Walionijua zamani wananijua kuwa ni mtu wa Jozani. Kazi yangu ilikuwa kutembeza wageni msituni. Nlikuwa nawaonyesha kima punju, nawaeleza miti na dawa zake, kwa Kiingereza na kwa Kitaliano cha kubahatisha, na nlikuwa najua kuwachekesha. Kazi ile nlikuwa naiweza, wallahi sioni haya kusema.

Kisha ikaja presha ya macho. Haiumi, wenzangu. Inaanza kula pembeni, inakuja kati polepole, na wewe huna habari. Nlianza kujikwaa kwenye mizizi ya njia nnayopita kila siku, nkalaumu viatu. Nkawa nagongana na wageni waliosimama ubavuni kwangu, nawaomba radhi, wanacheka. Nlipofika hospitali daktari akanambia jicho la kushoto limeshakwenda na la kulia limo njiani. Nalo likafika. Leo nnaona weupe wa dirisha lile pale, basi.

Nkakaa nyumbani Jang'ombe. Mwalimu mmoja wa jumuiya hii, naye haoni, akawa anakuja kunifundisha simu. Akanitilia ile programu inayokusomea kwa sauti kila kilichopo kwenye kioo, unapitisha kidole nayo inasema. Nyote mnaijua, wengi wenu ipo mifukoni sasa hivi. Siku iliponisomea meseji ya mke wangu, kuwa amechelewa na samaki yumo kwenye sufuria, nlilia kama mtoto. Nkasema, kumbe bado nimo duniani.

Basi siku moja akanipigia mkuu wa watembezaji. Akanambia, "Sheikh, macho yamekwenda lakini mdomo unao. Hawa vijana wapya wanajua majina ya miti, ila hawajui kuzungumza na mgeni. Njoo uwafundishe. Tukutane kesho saa tisa, ofisi yetu ya Mji Mkongwe, tuandikiane."

Hebu fikirini furaha yangu. Usiku ule sikupata usingizi. Asubuhi nkanyoa, nkapiga pasi kanzu mwenyewe kwa kupapasa. Baada ya kuswali Adhuhuri macho yakawa mazito, nkasema nijinyooshe kidogo. Mke wangu yuko kazini, ni mwalimu wa chekechea. Nkatia kengele kwenye simu. Napitisha kidole, inanisomea, "Saa saba. Saa nane." Hapo hapo, nkaachia. Ikanambia, "Saa nane kamili, baada ya adhuhuri." Sasa nambieni nyinyi, Mswahili akisikia saa nane baada ya adhuhuri ataelewa kitu gani chengine?

Nlizinduliwa na adhana ya Alasiri.

Nkapiga simu. Mkuu akasema kwa upole kabisa, "Tulikungoja. Tukadhani umebadilisha mawazo, tukampa mwengine. Usihuzunike." Nkasema nashukuru, nkakata.

Usiku wake tumekaa kwenye mkeka tunakula, simu ikaanza kulia. Mke wangu akaitazama. "Mbona umetia kengele ya saa mbili?"

Nkamwambia, "Sikutia saa mbili. Mie nimetia saa nane."

Akaisogeza simu karibu, akasema, "Baba Fulani, hapa pameandikwa nane. Nane ya simu ndiyo saa mbili yetu."

Ndugu zangu, nnakwambieni, kijiko kilinianguka. Mie nlikuwa nalijua jambo hilo! Nani asiyelijua? Tangu utotoni tunaona nane kwenye saa na mdomo unasema saa mbili. Lakini macho ndiyo yaliyokuwa yakifanya hesabu ile kimya kimya, na macho yenyewe hayapo. Sauti inanambia kwa Kiswahili kizuri, saa nane, na mie nimeiamini.

Mtu anaweza kusema hilo ni jambo dogo. Kwangu halikuwa dogo. Nliizima simu nkaitia kabatini. Msikitini siendi, barazani sikai. Watu wakija kuniangalia, nasema nimelala. Nlijiona mtu asiyeweza kuaminiwa hata kwa kuamka.

Mke wangu alivumilia, alivumilia, kisha siku moja akanishika mkono akanambia, "Leo tunakwenda kwenye jumuiya. Ukitaka kununa, kanune huko na wenzako." Ndivyo nlivyoingia chumba hiki mara ya kwanza. Mnacheka, lakini alisema hivyo hivyo.

Nkakaa kule nyuma. Wakati wa maswali akasimama bibi mmoja, mtu mzima, akasema, "Mie nnataka kuuliza. Daktari kanambia nitie dawa ya macho saa mbili za asubuhi na saa mbili za usiku. Mjukuu wangu kanipa hii simu, ikisema saa mbili, natia. Sasa mbona hizi saa mbili za asubuhi za simu zinanijia nshakula chakula cha mchana?"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Bibi mwenyewe akacheka. Mie sikucheka. Yeye bado alikuwa na jicho moja lenye nuru kidogo, na ile dawa ndiyo iliyokuwa ikiilinda nuru hiyo. Wengine wakaanza kumfundisha: toa sita, ongeza sita. Akasema, "Wanangu, nimekuja na swali la dawa, mnanipa hesabu."

Alikuwepo siku ile binti mmoja wa Mji Mkongwe, anasomea mambo ya kompyuta, aliyekuja kujitolea kututengenezea simu. Nkamfuata, nkamuuliza tajiri wa programu hii ni nani, nimpigie nimwambie maneno yake. Akanambia, "Haina tajiri, ami. Ni programu huria. Wameiandika watu wa nchi mbalimbali kwa kujitolea, na kazi yao iko wazi, kila mtu anaiona. Yeyote anaweza kuwapelekea pendekezo."

"Hata mie?"

"Hata wewe. Ila usipeleke malalamiko. Peleka andiko la usanifu: tatizo ni nini, linamfika nani, unataka programu ifanye nini, na isifanye nini."

Nkarudi nyumbani, nkaitoa simu kabatini. Nkaandika kwa Kiingereza changu cha msituni, naandika neno, nasomewa, nafuta, naandika tena. Na kwa kuwa nlikuwa na hasira, nkataka kila kitu. Saa ya simu isome Kiswahili. Kengele isome Kiswahili. Meseji zote, tiketi zote, barua zote, kila penye saa pageuzwe. Na siku nayo ianze magharibi, ili usiku wa kuamkia Ijumaa uitwe kwa jina lake. Nlipomaliza nkajiona nimewaandikia katiba. Nkapeleka.

Wakajibu, tena wengi. Mmoja katika wasimamizi wa programu, mwanamke wa nchi ya mbali, naye haoni, akaniuliza swali moja: "Mtu akikuandikia meseji, njoo 2:00 asubuhi, programu itajuaje kama mwandishi ameshahesabu kwa saa zenu au bado?"

Nkamjibu kuwa kila Mswahili atajua. Akasema, "Mswahili atajua. Nimekuuliza programu." Tukaenda hivyo, nampa jibu, ananirudisha pale pale. Mwisho akaandika kuwa wamelifunga andiko langu kwa sasa, na nikipata jibu la swali lile nilifungue tena.

Nliumia. Nkasema moyoni, hawa hawatutaki. Lakini mke wangu akaniuliza, "Jibu unalo?" Nkamwambia sina. "Basi huyo mama kakosea nini?"

Mkutano uliofuata nkaomba ruhusa. Nkawaambia wenzangu, kila mtu afungue meseji zake zenye saa, tuzisikilize. Mliokuwepo mnakumbuka. Mmoja alikuwa na meseji ya skuli: kikao cha wazazi 3:00 asubuhi. Hiyo imeandikwa kwa saa zetu. Mwengine alikuwa na ya kliniki: fika 8:00 asubuhi. Hiyo ni ya Kizungu. Kisha akatoka kijana mmoja wa Malindi, anayekata tiketi za boti bandarini, akatusikilizisha meseji mbili za bosi wake mmoja, siku moja, hii kwa hesabu hii na hii kwa hesabu nyengine!

Chumba kilikuwa kinacheka, mie mwili umenisisimka. Kwa sababu nliona, naam, nliona, kuwa kama wangefanya vile nlivyotaka, simu ingeikuta ile 3:00 ya skuli, ingeigeuza, na ingemwambia mzazi saa tisa. Kwa sauti safi, bila ya wasiwasi. Yule mzazi angelala kama nlivyolala mie, angeamshwa na adhana kama nlivyoamshwa mie. Nami ndiye ningekuwa nimemwandikia hivyo kwa mkono wangu.

Yule mama wa mbali alikuwa akimlinda mtu huyo, na hata hamjui.

Nkarudi kukata. Kukata kunauma kuliko kuandika. Usiku wa kuamkia Ijumaa, toa. Tiketi, toa. Meseji, hapo nlisita sana. Mke wangu akanambia, "Wewe ulipokuwa ukitembeza wageni, uliwahi kumwonyesha mtu msitu mzima? Unamwonyesha kima, anarudi kwao kafurahi." Nkatoa.

Andiko la pili lilikuwa fupi. Nlianza na yaliyonifika mchana ule: kanzu imepigwa pasi, kengele imetiwa, mtu amelala. Nkaeleza tunavyohesabu saa, kuwa saa zetu za mchana zinaanza kuhesabiwa jua linapotoka, kama nnavyomweleza mgeni aliyeshuka uwanjani sasa hivi. Nkamtaja bibi na dawa yake. Kisha nkasema tunachotaka: saa ya simu yenyewe na kengele yake, basi, kwa sababu hapo programu inajua bila ya shaka ni saa ngapi. Alichoandika binadamu kisomwe kama kilivyoandikwa. Na mtu achague mwenyewe, asiyetaka asilazimishwe. Nkaeleza nliyoyaacha, na kwa nini nimeyaacha. Mwisho nkaandika mifano ya kujaribia, saa kwa saa, na jibu lililo sawa.

Mifano ile ndiyo iliyotugombanisha humu ndani! Saa kumi ni za alasiri au za jioni? Saa kumi na mbili ni za jioni au za magharibi? Wazee wawili nusura wavunje urafiki. Tukakubaliana, tukapeleka.

Yule mama akawa wa kwanza kujibu. Akaandika, "Sasa nimeelewa. Na nimelala mchana pamoja nawe." Wakajadili, wakarekebisha hapa na pale, wakalikubali. Binti wetu wa Mji Mkongwe akaiandika kazi yenyewe ndani ya programu, wakamkagua, wakamrudisha, akarudia, mpaka ikapita.

Siku tulipoitia kwenye simu zenu, tulimpa bibi awe wa mwanzo. Akagusa. Ikasema, "Saa nne na robo za asubuhi." Akagusa tena. Ikasema vile vile. Bibi akasema, "Ehe! Sasa inasema kama watu." Kisha akashtuka, "Yallah, dawa ya asubuhi imenipita!" Akatolewa mbio kwenda kutiwa dawa.

Wenzangu, ile nafasi ya Jozani haikurudi, na sikusimama hapa kukudanganyeni. Lakini mie nnatoka asubuhi, nnafundisha simu hapa, na andiko la Kiswahili likifika kwa wale wasimamizi, wananipa nilisome kwanza. Nnauliza maswali yale yale nliyoulizwa. Walioandika wananichukia kidogo, kisha wanarudi na jibu.

Namshukuru mke wangu, aliyenitoa ndani kwa kunivuta. Namshukuru binti, aliyenambia nisipeleke malalamiko. Namshukuru bibi, aliyesimama akauliza mbele za watu jambo ambalo sisi wenye elimu tulilifanyia hesabu tukalinyamazia. Na namshukuru yule mama wa mbali, ambaye sijapata kusikia hata sauti yake, kwa kulifunga andiko langu la kwanza.

Nlilojifunza ni hili. Shida yako usiipeleke kwa watu ikiwa hasira tupu. Mweleze mtu asiyekujua, hatua kwa hatua, mpaka naye imkere. Omba kile unachokijua kwa yakini. Na kabla hujapeleka, jiulize nani ataumia ukipewa ulichoomba.

Nimemaliza, pilau liletwe. Ila mwenye jambo linalomkera kwenye simu yake asiondoke nalo. Baada ya kula nitakuwa nimekaa hapa mlangoni. Njooni mniambie, tuandike.