Kitabu Asichokileta Fundi Saa

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi saa, katikati ya kinyozi na duka la vifaa vya umeme lililofungwa siku nyingi. Wenyewe hukaa hapo kuanzia saa mbili asubuhi, jua likiwa bado upande wa pili wa barabara. Kuna Redio, kinyozi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hazimiki. Kuna Mama Birika, muuza kahawa, ambaye angepaswa kuzunguka na birika lake lakini hukaa na kubishana kuliko wateja. Kuna Dereva, anayeendesha lori la mchanga. Na kuna fundi saa mwenyewe, mzee wa miaka sitini na tatu, ambaye wote wanamwita Maktaba. Hakuna riwaya ambayo hawezi kukusimulia. Ya wizi, ya mapenzi, ya majini, atakupa sura kwa sura, na sauti atakubadilishia. Jambo ambalo hakuna aliyelijua pale kijiweni ni kwamba Maktaba hajui kusoma.

Hadithi zote alizozijua alisomewa na mkewe. Miaka thelathini na moja, kila jioni baada ya kula, mama yule alikaa kitandani, miguu kainyoosha, akasoma kwa sauti, na fundi yuko chini kwenye mkeka anasafisha bisibisi zake na kusikiliza. Asubuhi anakuja kijiweni kama mtu aliyemaliza kitabu mwenyewe. Mtu akimpa gazeti, anasema jicho limechoka kwa vipande vya saa. Nani atabisha? Mkewe alipofariki mwaka jana, vitabu vilibaki kabatini na yeye akabaki kuvifuta vumbi. Akarudia vya zamani mpaka watu wakaanza kusema, "Hiki ulishatusimulia, mzee." Ndipo siku moja, kwa aibu tu, akafungua mdomo akasema amepata kitabu kipya.

Hakikuwepo. Kilichomtoka kilikuwa habari ya mwanamke mjamzito anayeishi peke yake ghorofani, na kila alasiri anasikia mtu akigonga. Siku ya kwanza geti la nje. Siku ya pili ngazini. Akifungua hakuna mtu, ila sakafu imelowa. Hii ilikuwa wiki ya tatu, na mgongaji alikuwa ameshaingia chumbani. Alikuwa anagonga kutokea ndani ya kabati la nguo. Wote walikipenda kitabu hicho kuliko vyote alivyowahi kuwasimulia, na Maktaba alijua kwa nini. Kugonga kule hakukutunga. Mkewe, siku zake za mwisho, ndiye aliyekuwa akimwambia, "Baba, kafungue, kuna mtu mlangoni."

Asubuhi hiyo Dereva alifika kwa miguu, bila lori, macho mekundu.

— Kahawa, mama. Chungu kabisa.

— Umelala wewe? Mama Birika akamuuliza.

— Nilale wapi? Wanampasua mke wangu leo saa sita. Presha imegoma kushuka, wanasema mtoto atolewe. Mama mkwe yuko naye ndani. Mimi wamenitoa mpaka waniite.

— Mungu atamsimamia.

— Amina. Mzee Maktaba, nimekuja kwako. Mke wangu anataka mwisho.

Koleo ndogo ya fundi ikaacha kipande ilichokishika. Kipande kikaanguka, kikabiringika chini ya benchi, naye hakuinama kukitafuta.

— Mwisho wa nini?

— Wa kitabu! Wiki tatu namsimulia mle wodini kila ninachokisikia hapa. Jana kanishika mkono, kaniambia, siingii mle ndani kabla sijajua yule mwanamke imekuwaje. Leo uniazime chenyewe, nikamsomee kurasa za mwisho.

— Nimekiacha nyumbani.

— Twende nyumbani basi. Si hapo tu?

— Jalada limetoka, karatasi zimechanganyika...

— Nitazipanga mimi.

Redio alikuwa akinoa wembe mlangoni kwake. Akaingilia, maana hakuna neno linalopita pale bila ushuru wake.

— Ndugu yangu, mimi mgonjwa wangu nisingempa kitabu cha kutisha hata siku moja. Ningempa upelelezi. Upelelezi una adabu. Mtu anauawa ukurasa wa tano, unajua kabisa ukurasa wa mia mbili mwuaji yuko ndani ya pingu. Unalala vizuri.

— Wee, acha zako, akasema Mama Birika. Mtu yuko kitandani, dripu mkononi, umletee maiti? Kitabu cha raha ni cha mapenzi. Mimi nataka mwanamume anayelia. Alie kweli, na kamasi. Nikimaliza sura moja nimepona hata mgongo.

— Wanaume wa hivyo wako vitabuni tu.

— Ndiyo maana nanunua vitabu!

Siku nyingine Dereva angecheka. Leo alikizungusha kikombe mkononi bila kunywa.

— Hayo yote kasoma tangu msichana, akasema. Ananiambia hiki ndicho pekee kinachomsahaulisha sindano. Akiogopa ya kwenye kitabu, anasahau kuogopa ya kwake. Mzee, nakuomba.

— Si unajua, kipo... nimemwazima mtu.

— Nani tena? Sasa hivi umesema kiko nyumbani.

Maktaba akabana kioo chake cha kukuzia jichoni, akainamia saa ambayo ilikuwa imeshapona tangu jana.

— Halafu kuna jambo linanishangaza, akaendelea Dereva, na sauti sasa ilikuwa imeshuka. Jana nimezunguka kwa wauza vitabu vya mtumba wanne. Nikawaelezea, mwanamke, ghorofa, kabati. Hakuna anayekijua. Mmoja ana miaka ishirini katika biashara hiyo, kanitazama kama nimechanganyikiwa.

Redio akaacha kunoa.

— Rudia hapo. Hakuna anayekijua?

— Hata mmoja.

— Basi kimepigwa marufuku.

— Acha, Redio, akasema Maktaba.

— Niache nini? Kitabu kitamu hivyo, kila mtu angekuwa nacho. Kimeondolewa madukani. Na hawaondoi kitabu bure. Mwandishi wake yatakuwa yamemkuta.

— Yamemkuta yapi? akauliza Dereva.

— Mzee, mwandishi yuko hai?

Maktaba akafungua mdomo, akaufunga. Redio akapiga paja.

— Mnaona? Kakaa kimya! Mwandishi kafa. Na nawaapia kafia ukurasa wa mwisho. Wamekuta kalamu mkononi na kabati liko wazi.

— Astaghafiru, Mama Birika akalivuta birika karibu na miguu yake, kana kwamba linaweza kuchukuliwa. Usiongee hivyo. Kwanza mbona mzee mwenyewe hatufikishi mwisho? Wiki ya tatu hii. Kila tukikaribia, anasema jicho linauma.

— Anauogopa.

— Mzee, unauogopa mwisho?

— Naogopa, akajibu Maktaba, na hilo lilikuwa kweli.

Hapo mambo yakaharibika kabisa. Mama Birika akawa anahesabu kitu kwa vidole, midomo inacheza. Alipoinua uso, rangi ilikuwa imemtoka.

— Jamani. Marehemu mke wake huyu. Si alikuwa msomaji? Si wote tulikuwa tunamwona akinunua vitabu? Alikuwa anasoma nini alipoanza kuumwa?

Upande wa pili wa barabara mtu aliteremsha mabati kutoka kwenye mkokoteni, yakalia kwa kishindo, na wote wanne wakaruka.

— Si mlimsikia mzee siku ya msiba? Mama Birika akaendelea kwa kunong'ona. Alisema mama alikuwa anasikia mtu akigonga. Mimi nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu haya.

— Basi ndicho hicho, akasema Redio, na safari hii hakuwa akitania. Ndicho chenyewe. Anayekisikiliza ndiye anayegongewa.

Dereva alisimama. Kahawa ikamwagika kwenye suruali na hakushtuka.

— Mke wangu anakisikiliza wiki ya tatu, akasema. Juzi kaniambia amesikia kitu kwenye kabati dogo la pembeni ya kitanda. Nilicheka. Nilimcheka mke wangu!

— Kaa chini, kijana, akasema Maktaba.

— Sikai. Naenda kuwazuia. Wasimpasue leo. Mimi ndiye niliyetia saini ile karatasi ya kuruhusu upasuaji, naenda kuifuta. Leo ni siku mbaya. Nitamchukua nimpeleke kwetu kwanza, tukamwombee, mambo yakitulia ndiyo...

— Kaa chini!

Hawakuwahi kumsikia fundi saa akipaza sauti. Mwenyewe ilimtisha. Alitoa kioo jichoni, akakiweka juu ya kitambaa. Akilini alimwona yule kijana akifika hospitali mbio, akigombana na manesi, presha ya mkewe ikipanda tena, saa sita ikipita. Akaona kwamba ameshafiwa na mwanamke mmoja ambaye hakuweza kumsaidia. Wa pili huyu angekuwa juu ya kichwa chake.

— Hakuna kitabu, akasema.

— Hakuna vipi?

— Hakipo. Nilitunga. Hakuna mwandishi, hakuna aliyekufa, hakuna marufuku. Ni mimi, hapa hapa, na mdomo wangu.

Redio akacheka kicheko kifupi kilichokosa mwenzake.

— Mzee anataka kututuliza. Maktaba atunge ya nini, na nyumba yake imejaa vitabu?

— Sijui kusoma.

— Usinitanie.

— Nionyeshe chochote.

Redio akatazama huku na huku, akanyoosha wembe kuelekea juu ya mlango wake.

— Hapo pameandikwa nini?

— Najua ni kwako kwa sababu kuna picha ya mkasi. Maandishi ya chini yake nimeyatazama miaka kumi na miwili, na sijui yanasema nini. Mke wangu ndiye aliyekuwa akinisomea. Alipoondoka, niliogopa mngeniona nilivyo mtupu. Na hayo ya kugonga... nilichukua ya kwake. Alikuwa na homa, anaweweseka. Nilikuwa nakwenda kufungua kila alipoomba. Hapakuwa na mtu. Wala sakafu haikuwa imelowa. Hiyo niliongeza.

Redio alizimika. Mama Birika alijifuta macho kwa pindo la khanga. Dereva ndiye aliyebaki amesimama, kifua kinapanda na kushuka, na hasira ilikuwa inatafuta mahali pa kutokea.

— Wiki tatu, akasema. Wiki tatu mke wangu analala na taa kwa kitu ulichokitoa hewani?

— Nisamehe, mwanangu.

— Nikusamehe? Nilikuwa nakwenda kufuta saini!

— Najua.

Kabla hajasema lingine, Dereva alinyamaza ghafla na kushusha mikono, kama mwanafunzi aliyeona mwalimu. Mama mkwe wake alikuwa anavuka barabara. Mama mrefu, kajifunga kilemba vizuri, viatu vyake vya kanisani. Hajawahi kukanyaga kijiwe kile maishani mwake, wala hakuficha kwamba hakukipenda.

— Shikamoo, mama, wakasema wote kwa pamoja.

— Marahaba. Baba, simu yako iko wapi? Nimepiga mpaka vidole vimechoka.

— Imezima, mama. Kuna nini? Mbaya?

— Bado. Wanamwandaa. Hataki kupanda kile kitanda cha magurudumu. Kaniambia, nenda kwa yule mzee wa saa, kamwulize. Akawatazama mmoja mmoja, na macho yake yakamfikia mwenye vyombo vya saa. Ni wewe?

— Ni mimi, mama.

— Binti yangu anauliza, yule mwanamke anapona?

Maktaba akasimama.

— Mama, samahani sana. Nimewaambia wenzangu sasa hivi. Hicho kitabu hakipo. Nilikitunga mwenyewe.

Mama mkwe alimtazama. Kidevu chake kilicheza kidogo tu, ndipo wote wakaona jinsi alivyokuwa amejikaza tangu alfajiri.

— Sijauliza habari ya kitabu, akasema. Nimeuliza, anapona?

Redio akatazama wembe. Mama Birika akainua birika amimine, likatoa tone moja na basi. Dereva alimgeukia Maktaba, na usoni mwake hasira ilikuwa imekwisha, amebaki mtu anayeogopa tu, anangoja aambiwe.

— Sijui, akasema Maktaba. Wallahi sijui, mama. Lakini nataka apone.

— Hata mimi nataka. Mama mkwe akageuka kuelekea alikotoka, kisha akasimama. Haya, twende ukamwambie mwenyewe. Mimi nikianza kuongea mbele yake nitalia, na sitaki anione.

Ilikuwa saa tano kasorobo. Wakavuka barabara watatu, kijana mbele, mama katikati, mzee nyuma, kibanda kimeachwa wazi na saa za watu juu ya meza. Maktaba alijaribu chini chini ile sauti ya mwanamke wa ghorofani, jinsi atakavyouliza "Nani?" na kwenda kulifungua kabati. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Akakohoa, akajaribu tena.