Mdaiwa wa Pili

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa karakana ya Cheche, fundi welding. Siku za kawaida hatusikilizani kwa kelele za grenda. Siku ile grenda ilikuwa kimya. Cheche alikaa katikati yetu, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso, kahawa imepoa mkononi. Benki ilikuwa imemshtaki kwa mkopo uliomshinda kulipa, na nyumba anayoishi na mkewe ndiyo iliyowekwa rehani. Tulikuwa tukitembea vifua mbele, maana kwenye utetezi wake alisema mkewe hakuridhia rehani ile, na sheria inataka mke aridhie. Sisi kesi tulishaimaliza zamani, tena tumeshinda. Sasa alikuwa ametoka mahakamani, na sura yake sikuipenda hata kidogo.

— Benki wameomba kurekebisha hati ya madai, alisema. Hakimu kawakubalia.

— Kurekebisha nini tena? alidakia Redio, kinyozi wa jirani, mdomo wake hauna swichi. Mtu akishaandika si ameandika?

— Nani kakudanganya? alisema Mheshimiwa, ambaye kwa kuuza mafaili na bahasha nje ya geti la mahakama, basi hatupumui kwa sheria zake. Kabla ya hukumu, hati inarekebishwa. Wakiona kuna kitu wamekisahau, wanaomba ruhusa, wanaongeza.

— Kitu gani?

— Chochote kinachohusu kesi.

Hapo ndipo Redio alipoharibika.

— Chochote! Basi wataongeza na karakana.

— Karakana ya kupanga hii, nikamwambia.

— Basi wataongeza mwenye karakana! Halafu benchi. Halafu waliokalia benchi! Mimi Cheche kaninunulia kahawa mara ngapi? Hela ya wapi ile, kama si ya mkopo? Jamani, nimekunywa rehani!

Akasogea mpaka ukingoni mwa benchi, nusu ya kalio hewani. Nilicheka, lakini na mimi kikombe changu nilikiweka chini. Mwenzenu si shujaa.

— Nyamazeni, alisema Cheche. Wameongeza mtu. Mdaiwa wa pili.

— Nani?

— Mke wangu.

Dada Birika, anayetuuzia kahawa na kutuita sote kaka zake, alikuwa ananimiminia. Kahawa ikapita kikombe, ikaniunguza mguu. Niliruka juu. Hakuniomba radhi, na yule dada ni mtu wa kuomba radhi hata akikohoa.

— Shemeji anaingiaje? nikauliza. Si tulisema hakuridhia?

— Wana karatasi ya ridhaa. Ina saini na picha.

Mheshimiwa alijishika kichwa.

— We Cheche! Ulitudanganya? Shemeji alisaini?

Cheche alikizungusha kikombe chake, akakizungusha tena.

— Mwanamke alisaini.

Hakuna aliyeuliza mwanamke gani. Kusema kweli niliogopa. Kuna majibu ukishayasikia, na wewe umeshakuwa shahidi.

— Mheshimiwa, alisema Cheche, na mimi naweza kurekebisha utetezi wangu?

— Unaweza, ukiomba. Uandike nini?

— Kwamba mke wangu aliridhia.

— Watamwita aseme aliridhia lini.

— Basi nauacha kama ulivyo.

— Watakuuliza huyu wa kwenye picha ni nani, maana aliyempeleka benki ni wewe. Hapo si deni tena, kaka. Hapo ni kughushi, na hafungwi mmoja.

— Hafungwi mmoja? aliuliza Dada Birika. Sauti yake ilikuwa ndogo mno.

— Wewe kinakuuma nini? alisema Redio. Wewe una kahawa zako tu!

Dada Birika alivuta mtandio mpaka mdomoni. Nikaona, nikatazama pembeni haraka.

— Shemeji yenu hajui lolote, alisema Cheche. Naombeni asijue kwanza. Mheshimiwa, hizo karatasi zinapelekwa lini?

— Tarishi wa mahakama anampelekea mkononi mwake. Hata sasa hivi.

Na shemeji mwenyewe alikuwa ameshakata kona. Alikuja taratibu, mikono bado ina unga, karatasi kazikumbatia kifuani. Alitusalimu kama siku zote, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

— Hamjambo, shemeji zangu.

— Hatujambo, tukaitikia kwa pamoja kama darasa la kwanza.

Aliziweka karatasi juu ya benchi, akazilaza vizuri kwa kiganja.

— Nimeletewa hizi. Eti mimi ni mdaiwa wa pili, eti niliridhia nyumba yangu iwekwe rehani. Nimezisoma zote. Huku mwisho kuna picha. Fotokopi imeitia sura giza, simtambui. Ila hii shingo ya gauni naijua. Hii darizi niliishona mwenyewe kwa mkono, ya harusi ya mdogo wangu. Gauni liko kabatini kwangu mpaka leo.

Alimtazama mumewe. Kisha akatutazama sote, na Dada Birika naye.

— Nani alivaa gauni langu?

Redio, tangu nimjue, siku hiyo ndipo alipozimika. Mheshimiwa alianza kupanga bahasha za kuuza alizokuja nazo, zilizokuwa zimeshapangwa. Cheche aliishusha miwani ya kuchomelea, akafunika macho, na hapakuwa na moto wowote unaochoma. Nikasema lililonijia mdomoni.

— Shemeji, keti kwanza. Dada Birika, hebu mpe kahawa.

— Imeisha, alisema Dada Birika.

Akaliinua birika kwa mikono yote miwili, kwa uzito wake, akaondoka haraka bila kudai hela zake, na kahawa ikamwagika njia nzima nyuma yake.