Kocha Pettis na Majibu ya Ijumaa

Kocha Lavon Odell Pettis alikuwa na kanuni moja uwanjani, wala hakuivunja hata mara moja: mchezaji aliyeumia atatoka kwa goti, atatoka kwa mbavu, lakini hatoki kwa kichwa. Mjane wake, Bi. Verlene, ameomba kanuni hiyo isomwe leo mbele ya jeneza, bila kupakwa asali.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Cady Springs, mashariki mwa Texas, mtoto wa tatu wa Mzee Odell Pettis wa kiwanda cha mbao na Bi. Ruthie. Alimaliza shule ya upili ya hapa hapa mwaka 1969, kisha chuo kikamchukua kwa ajili ya miguu yake. Alikuwa mkimbiza mpira katika mpira wa Kimarekani: hukabidhiwa mpira mkononi, akainamisha kichwa, akaupasua ukuta wa wanaume. Mwaka wake wa mwisho chuoni aligongwa kichwa hata akaanza kutembea kuelekea benchi la wapinzani. Kocha wake akamgeuza, akamrudisha mchezoni, naye akafunga bao la ushindi. Bao hilo alisimuliwa. Yeye mwenyewe hakulikumbuka kamwe, lakini ndilo alilolifanya somo.

Alifunga ndoa na Verlene Sykes tarehe 8 Juni 1974. Baba mkwe, shemasi wa kanisa hili, alimtazama kijana aliyekuja kuposa, akamwambia, "Kukimbia tumekuona, bwana mdogo. Kutulia je?"

"Nitatulia, mzee, mkinipa pa kutulia."

Shemasi akacheka, akamkatia kipande cha keki. Na kweli alitulia. Kwa hilo hakuna wa kumnyooshea kidole.

Timu za kulipwa zilimjaribu kiangazi kimoja, zikamwacha. Mwaka 1976 akarudi kufundisha mpira katika shule aliyosoma. Enzi hizo mchezaji aliyegongwa kichwa aliulizwa mambo matatu pembeni mwa uwanja, kupima kama yuko timamu: leo ni siku gani, unatoka wapi, mnacheza na nani. Kocha aliyageuza kuwa kiitikio. Mechi zilichezwa Ijumaa, na kila moja, kabla ya sala, vijana walisimama katika chumba cha kuvalia wakajibu kwa sauti moja: Ijumaa, Cady Springs, na jina la wapinzani. Walikariri mpaka ulimi ukajua bila kukiuliza kichwa.

"Unawafundisha watoto kusema uongo," Verlene alimwambia jikoni, akikaanga kambare.

"Nawafundisha kujibu, mke wangu. Uongo ni kusema samaki huyu ana chumvi."

"Basi usile."

Akala.

Mwanawe Dwight akawa mkimbiza mpira wake. Tarehe 6 Novemba 1998, katika mechi ya ubingwa wa wilaya dhidi ya Marlow Bend, kijana aligongwa, akainuka, akatapika. Verlene alishuka kutoka jukwaani hadi kwenye uzio.

"Lavon, mtoto hanijui."

"Ameulizwa, amejibu yote. Rudi ukakae."

"Muulize ambalo hukumfundisha. Muulize mimi ni nani."

Kocha hakumuuliza. Mzazi mmoja akasema kwa juu, "Dada Verlene, mwache kocha afanye kazi. Mwanao si yai." Watu wakacheka. Dwight akarudi uwanjani, akapewa mpira, akaangushwa, na safari hii hakuinuka. Cady Springs ilishinda. Gari la wagonjwa lilikuwa likitoka getini marehemu alipokuwa akipokea kombe, na alilipokea kwanza ndipo akalifuata gari.

Alifundisha miaka mingine kumi. Kanuni haikubadilika, vijana waliendelea kuitikia, na mji huu, pamoja na wengi walioketi humu, uliendelea kupiga makofi. Nyumbani alimfunga Dwight, ambaye akili hazikumrudia, kamba za viatu kila asubuhi, wala hakukubali mtu mwingine amfanyie.

Mwaka 2011 alianza kupotea njia ya kanisani. Daktari akamuuliza ni siku gani. "Ijumaa," akajibu bila kusita. Kwa bahati mbaya ilikuwa Ijumaa. Daktari akaridhika, akasema ni uchovu wa kustaafu.

"Daktari," Verlene akasema, "muulize tena kesho."

Hakuna aliyemuuliza. Ugonjwa ulipopewa jina, tayari alikuwa akimfukuza mkewe jikoni kama mwizi. Alifariki tarehe 9 Februari 2019, alfajiri, mikononi mwa mkewe, ambaye yeye alimwita "nesi."

Ameacha mjane, Bi. Verlene, binti, Yolanda, dada, Bi. Oleta, wajukuu wawili, na Dwight, ambaye yuko hapa mbele ndani ya jaketi jekundu la timu. Asubuhi, Yolanda alipomfunga kamba za viatu na kumweleza kwamba leo tunamzika baba, alijibu, "Marlow Bend."

Mungu ampe Lavon pumziko ambalo hakumpa mtu. Kanuni yake ilimgharimu mwanawe, kisha akili zake mwenyewe. Kombe lipo shuleni, ndani ya kabati la kioo.